Mayai Hayasubiri Ugomvi

Niseme mapema ili usihangaike kumtafuta: siku ile mjinga alikuwa mimi. Wengine nao walikosea, sikatai, lakini wao walikosea kwa kuonja, kama mtu anayejaribu chumvi kwa ncha ya kijiko. Mimi nilimwaga kopo zima.

Nilikuwa ndani ya chumba cha baridi cha bucha moja, nimelala chali chini ya kompresa iliyogoma, jasho la mgongoni na maji ya sakafuni vikigombea shati langu. Mimi ni fundi friji. Kazi hii haikunijia shuleni, ilinijia kwa njaa. Nilianza kwa kubeba friji za watu mgongoni, nikaja kuzifungua, na baada ya kupigwa shoti za kutosha nikajua kuzifunga. Kompresa ile ilikuwa ndiyo kwanza imezinduka, inanguruma kama babu aliyeamshwa kabla ya wakati wake, ndipo simu ikalia. Povu.

Povu ni jina nililompa mwenyewe. Anaendesha mashine ya kahawa kwenye mgahawa, na siku nilipomwona mara ya kwanza alikuwa anachora jani juu ya povu la maziwa, ncha ya ulimi imechungulia kwenye kona ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Mimi nilikuwa nimeitwa kutengeneza kabati lao la keki. Kabati lilipona siku ileile. Mimi bado.

Nikaibana simu kwa bega. Kompresa huku, Povu kule, na katikati sikio langu moja lililozoea kelele. Nilichosikia ni hiki:

"Fundi, nakuja kwako jioni. Lazima nilale kwako. Kwa dada haiwezekani, unamjua alivyo. Nikilala usiku mzima, kesho itakuwa tamu zaidi."

Halafu simu yake, ambayo kwa kawaida huishi kwa chaji ya kuombaomba, ikakata.

Ili uuelewe ujinga wangu, lazima nikueleze hiyo kesho. Povu amelelewa na dada yake tangu wazazi wao walipofariki. Dada ni nesi mkuu hospitalini, mwanamke ambaye akipita wodini hata wagonjwa wasio na nguvu hujinyoosha mashuka. Mwaka mzima alikuwa amekataa kuniona. Mafundi, alisema, ni watu wa kufungua vitu na kuviacha wazi. Kwa kusihiwa sana, mwisho akakubali: niende kwake kesho mchana, tule pamoja, anitazame. Akiridhika, tulete mipango yetu. Asiporidhika, jina langu lisitajwe tena ndani ya nyumba yake. Na Povu alishaniambia, huku ameushika mkono wangu, kwamba ananipenda lakini hataolewa kwa kumruka dada aliyemwosha na kumvisha. Kwa hiyo maisha yangu yote yalikuwa yanasubiri sahani moja ya chakula cha mchana.

Mtu mwenye akili angejiuliza: msichana huyo, usiku wa kuamkia siku hiyo, alale kwangu vipi? Mimi akili yangu ilikuwa imeshatangulia nyumbani kufagia.

Mwenye bucha alichungulia, kisu mkononi, akaniuliza kama nimepewa habari ya msiba au ya harusi, maana uso wangu ulikuwa unakwenda pande zote mbili. Nikamwambia ni gesi tu, imenipanda kichwani. Nikafuta kidole gumba kwenye suruali na kumwandikia Povu ujumbe: *Karibu sana ulale mpenzi. Mama namwondoa. Hatutasumbuliwa na mtu.* Nikautuma. Nikausoma tena, nikajipongeza kwa ufasaha.

*

Nyumba yetu ni vyumba viwili na jiko, na jiko ndilo kubwa kuliko vyote, kwa sababu ndani yake nimepanga friji nne za watu na moja yetu. Mama yangu ni mshonaji. Cherehani yake iko dirishani, na kutoka hapo anaona njia, jiko na dhamiri yangu.

Nilianza na mashuka. Nikatoa mapya, yale mama aliyokuwa ameyahifadhi kwa ajili ya wageni wa heshima. Nikafua pazia, na kwa kuwa halikuwa na muda wa kukauka nikalitundika nyuma ya friji ya jirani linapotoka joto. Nikapulizia chumba manukato hadi nzi akaanguka. Nikatoka, nikarudi na mswaki mpya bado umo kwenye pakiti yake, nikauweka kwenye glasi kando ya wangu. Nikautoa. Nikaurudisha. Nikaona inafaa uegemee kidogo upande wa wangu.

Mama alikuwa anatazama yote hayo juu ya miwani yake, mguu haujaacha kukanyaga pedali. Nilimwambia kwamba dada yangu amemkumbuka sana, na kwamba ingekuwa vizuri aende akamsalimie, hata alale huko, apumzike na kelele za friji.

"Dada yako aliondoka hapa jana jioni," alisema.

"Ndiyo maana. Amekumbuka upya."

Akakata uzi kwa meno. "Mwanangu, mimi nilikuzaa, sikukukuta kwenye boksi la friji. Nikirudi kesho, nikute nyumba yangu na adabu yangu vyote vipo mahali pake."

Alichukua kanga yake na mkoba akaenda, na nikabaki nimesimama katikati ya jiko kama mwizi aliyepewa funguo na mwenye nyumba. Nikakaa. Nikasimama. Nikafungua friji, sijui nilikuwa natafuta nini, nikaifunga. Nilikwenda dirishani mara nyingi mno hadi kuku wa jirani wakaanza kunifuata wakidhani nina punje.

Alipokuja, jua lilikuwa limelegea. Alikuwa amevaa gauni la kahawia lenye vifungo mbele, nywele kazifunga kwa kitambaa, na mkononi amebeba kikapu kizito kilichomlemaza bega moja. Nilikipokea. Moyoni nikasema, mtu anayekuja kulala usiku mmoja na mzigo wote huu, huyu hana mpango wa kuondoka.

"Friji yako nzuri ni ipi?" aliuliza kabla hata hajakaa.

Nikamwonyesha yetu. Akaifungua, akaweka mkono ndani, akafumba macho kidogo kama anayepima homa ya mtoto, halafu akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akaanza kutoa vitu kikapuni: mayai, sukari, boksi la krimu, kopo la jibini laini nyeupe kama losheni, kakao, pakiti ya biskuti ndefu nyembamba zilizofanana na vidole vya mtu asiyewahi kufua. Mwisho akatoa chupa ya chai, na alipoifungua, jiko zima likajaa harufu ya kahawa nzito, ile inayokuita kwa jina.

Nikamuuliza kama tutakula kwanza.

Akanitazama. "Tutakula kesho, Fundi. Leo tunatengeneza."

Nikacheka kama mtu aliyeelewa. Watu wa aina yangu hucheka hivyo mara nyingi.

*

Akamimina kahawa kwenye sahani pana ipoe. Akavunja mayai, akarusha kiini kutoka ganda hili hadi lile huku ute ukidondoka chini, na kila kiini kilipobaki peke yake kizima alinitazama kidogo, na kila aliponitazama mimi nilipoteza kitu: kijiko, mahali pa sukari, sentensi. Akaweka sufuria ya maji motoni, bakuli la viini na sukari juu yake ili lipate mvuke tu, akanikabidhi waya wa kupigia mayai.

"Piga mpaka niseme basi. Usiache hata kidogo. Ukiacha, yataiva, na dada nitampelekea mayai ya kukaanga."

Nikapiga. Alisimama karibu, bega lake likigusa langu kila nilipozungusha mkono, na mimi nikazungusha kwa duara kubwa zaidi ya lililohitajika. Alinieleza, akipiga krimu kwenye bakuli lake, kwamba mpishi wa mgahawani ndiye aliyemfundisha. Waitalia huiita tiramisu, yaani ninyanyue. Dada yake akitoka zamu huingia nyumbani ameburuta miguu, hasemi na mtu mpaka anywe kahawa, na siku moja Povu alimletea kipande cha tiramisu kutoka kazini. Dada alikila kimya, halafu akafanya jambo ambalo Povu hakuwahi kumwona akilifanya: alicheka peke yake. Kwa hiyo kesho, kabla hajaanza kunipekua, aletewe hii. Na aambiwe kwamba mkono mmoja uliopiga mayai ulikuwa wangu.

Nilimsikiliza nusu. Nusu nyingine ilikuwa inahesabu mwanga dirishani. Giza lilikuwa linachelewa makusudi.

"Tukishamaliza?" nikauliza.

"Tunapanga. Biskuti, krimu, biskuti, krimu."

"Halafu?"

"Halafu kakao juu."

"Halafu?"

"Fundi, una nini leo? Unazunguka kama feni mbovu." Akafuta shavu kwa kifundo cha mkono, akaacha alama nyeupe ya krimu, na mimi nikaitamani ile alama ibaki hapo hadi uzeeni. "Chujio liko wapi? Na nipe kitambaa kisafi cha kufunikia."

Nikamwambia vitambaa viko chumbani, kwenye kabati. Nilisema hivyo kwa kinywa changu mwenyewe, mkono ukiendelea kupiga mayai. Aliposhika kitasa cha mlango ndipo nilipokumbuka, na nikafungua mdomo, lakini hakuna neno linaloweza kumpita mwanamke aliyekwisha kuingia chumbani.

Nikaendelea kupiga mayai.

Alirudi bila kitambaa. Mkononi alikuwa na mswaki, umo ndani ya pakiti yake.

"Huu wa nani?"

"Wa mgeni."

"Mgeni gani?" Nikapunguza kasi ya mkono. "Usiache kupiga. Mgeni gani?"

"Wewe."

Akauangalia mswaki. Akaangalia mlango wa chumba, ambao nyuma yake mashuka ya wageni wa heshima yalikuwa yamenyooshwa mpaka yanang'aa. Akaangalia cherehani isiyo na mtu.

"Mama yuko wapi?"

"Ameenda kwa dada yangu."

"Nilikwambia nini kwenye simu?"

"Ulisema lazima nilale kwako."

"Wewe ulale kwako? Ungelala wapi kwingine?"

"Si mimi. Wewe. Wewe ndiye ulale kwangu."

Alivuta pumzi, akaiachia polepole, kama mtu anayetoa hewa kwenye bomba kabla halijapasuka. "Nilisema *ilale*. I. Ilale. Tiramisu lazima ilale kwenye baridi usiku mzima. Kwa dada haiwezi kulala kwa sababu ataiona. Ikilala, kesho itakuwa tamu zaidi."

Naapa nilisikia herufi ile ikidondoka kutoka angani na kunipiga utosini. Mkono ulikuwa unaendelea kupiga mayai peke yake, mimi nimeshakufa.

"Kulikuwa na kompresa," nikasema.

"Ningekwambia jambo kama hilo kwenye simu, katikati ya kelele, kama mtu anayeagiza mtungi wa gesi?"

"Nilifurahi," nikasema. "Nilifurahi hata nikaacha kufikiri. Mtu akiishi miaka mingi akiambiwa hapana, siku akisikia ndiyo haulizi imeandikwaje."

Nadhani hilo lilimgusa, maana aligeuza uso. Lakini alipourudisha, macho yalikuwa na maji, na si ya kucheka.

"Mashuka hayaniumi. Juzi nilikueleza hii tiramisu mwanzo hadi mwisho, palepale mgahawani, nimekushika mkono. Biskuti, kahawa, kulala, dada, kila kitu. Ukawa unaitikia kwa kichwa. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naangalia mdomo wako."

"Na maneno yalikuwa yanatokea wapi?"

Mvuke ulikuwa unanipanda usoni, mkono unawaka moto, na viini vilikuwa vimebadilika, vimekuwa vizito, rangi ya asubuhi. Alichungulia bakuli. Akasema basi. Akaliondoa kwenye moto, akalikumbatia kifuani akilikoroga lipoe, na hapo, juu ya bakuli, tukatazamana kwa muda ambao sikuupima. Alikuwa amenikasirikia kweli. Lakini pia pembe moja ya mdomo, ile ambayo ulimi hupenda kuchungulia, ilikuwa inapigana na kicheko na kuelekea kushindwa. Angeshindwa, nina hakika. Ningepiga hatua moja, ningemfuta ile krimu shavuni, na siku ingeokoka.

"Na mimi nikakujibu mara moja," nikasema, nikidhani napunguza kosa.

Akaacha kukoroga. "Ulinijibu nini?"

Nikamsomea kutoka kwenye simu yangu. Nilipofika *hatutasumbuliwa na mtu*, akaketi.

"Simu yangu iko kwa dada," alisema. "Nimeiacha mezani inachajiwa."

*

Mama hajui kupiga hodi kwake mwenyewe, kwa hiyo mlango ulifunguka tu. Alikuwa amerudi kufuata miwani ya kusomea, na njiani, alisema kwa furaha ya mtu asiyejua amebeba nini, amekutana na nesi anayemuulizia fundi friji, akamwambia twende, ni mwanangu huyo.

Nyuma yake alisimama dada. Alikuwa bado na sare, viatu vyeupe vimechafuka vumbi la njia yetu, na mkononi ameshika simu ya Povu kama kipimajoto kilichotoa jibu baya.

Nikamsalimia shikamoo. Akaipokea shikamoo yangu kwa kuisikia tu. Akamtazama mdogo wake kuanzia kitambaa cha kichwa hadi miguu, akaona krimu shavuni, akaona mswaki juu ya meza. Sijui kwa nini hakuna aliyeuficha ule mswaki. Halafu akausoma ujumbe wangu kwa sauti ileile anayosomea majina ya wagonjwa, bila kupanda wala kushuka, na hapo ndipo nilipogundua kwamba haukuwa na ufasaha wowote.

Mama yangu aliinua mkono. "Mama namwondoa," alirudia taratibu. Akaniangalia. "Kumbe mimi ni kiti."

Nilieleza. Nilieleza vibaya, nikianzia mwisho, nikarudi kwenye kompresa, nikapita buchani, nikaungama kwamba hata juzi alinieleza yote amenishika mkono nisisikie, nikasema ni herufi moja tu, dada, herufi moja imenidanganya.

"Kazini kwangu," alisema dada, "herufi moja ikikosewa kwenye jina la dawa, tunamfunika mtu shuka. Hilo lako nimeona umeshalitandika."

Mama alikohoa, na ninashuku alikuwa anacheka, lakini alikuwa upande wa dada, na sikumlaumu. Akavuta kiti, akamkaribisha mgeni, akasema maneno machache ya kuomba radhi kwa niaba ya tumbo lililonizaa. Dada hakukaa. Alimwambia Povu achukue kikapu chake waende. Chakula cha kesho kimekufa, alisema. Hapiki, na hapokei mtu.

Povu alikuwa amesimama mezani, amewapa mgongo wote. Alikuwa ameshachanganya jibini na viini, ameshaikunja krimu ndani yake kwa mkono mwepesi, na sasa alikuwa anachovya biskuti kwenye kahawa, moja baada ya nyingine, akizilaza kwenye bakuli la kioo. Chovya, geuza, laza. Mikono haikukosea mahali.

"Nakwambia twende," dada alisema.

"Nasikia, dada. Mayai yameshapigwa. Hayasubiri ugomvi uishe."

"Acha hizo biskuti nikiongea."

"Nikiziacha kwenye kahawa zinayeyuka."

Nilimwona dada akitafuta pa kuiweka hasira yake. Macho yalimwangukia kwenye bakuli. Akavuta harufu, bila kutaka. Akajua ni nini. Kitu kikapita usoni mwake, laini, upesi, kama mtu aliyepita dirishani, na kwa kuwa alikuwa amekuja kugombana, akakifukuza.

"Hiyo ni ya nani?" aliuliza.

"Yako," mama alijibu, akiwa ndiyo kwanza amepata picha nzima. "Ndiyo iliyotakiwa kulala hapa. Huyu wangu ndiye aliyetaka kuipa mswaki."

Sikuthubutu kucheka. Povu mabega yalimtikisika mara moja.

Ndipo dada akalegea kidogo, akaketi kwenye kiti kile, akavua kiatu kimoja na kukanda mguu. Akaanza kusema kwa sauti ya chini, na niseme kweli, ile ya chini iliniumiza kuliko ile ya kusoma ujumbe. Hakunitazama. Alisema yeye amemsuka huyu mtoto nywele akiwa bado na sare ya kazini, amelala naye hospitalini chini ya meza ya zamu kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Alisema hakatai fundi kwa sababu ya mafuta kwenye kucha. Anaogopa. Mdogo wake ni mtu wa kueleza, tangu mdogo, anaeleza ndoto, anaeleza njia aliyopita kutoka sokoni, na mtu wa namna hiyo akikaa na asiyesikiliza hunyauka, siku moja unamkuta amenyamaza na hujui alinyamaza lini. Ujumbe, mashuka, hayo angeyasamehe. Vijana ni vijana. Lakini msichana amemweleza mtu jambo zima, mkono kwa mkono, na mtu ameitikia kwa kichwa bila kuwapo.

Kila neno lilikuwa kweli. Nikasema nitajifunza.

"Utajifunza," alisema dada. "Haya, wewe mdogo wangu, nigeukie uniambie. Huyu hakusikia neno moja la simu. Hakusikia la uso kwa uso. Utaishi naye vipi, kila kitu umwambie mara mbili?"

Povu alilaza biskuti ya mwisho. Akamwaga krimu yote juu, akaisambaza kwa mgongo wa kijiko hadi ikafika kwenye pembe zote, akaipitishia kakao kwenye chujio, taratibu, mpaka nyeupe yote ikafunikwa. Akaifungua friji yetu, akaingiza bakuli, akaifunga. Ndipo akageuka. Krimu bado ilikuwa shavuni, na macho yalikuwa makavu.

"Kesho anakuja kula, dada, na utapika," alisema. "Na kuhusu kuambiwa mara mbili, wewe nimekwambia mwaka mzima kwamba nampenda. Umesikia leo?"